Jumamosi Iliyokuwa Jumatano

Kwanza nisameheni kwa ile keki. Mliinunua kwa mapenzi yenu, mkaandikisha jina langu juu kwa krimu, mkanisubiri dukani Ijumaa jioni mniage kwa sababu nilikwambieni nasafiri Jumamosi. Saa ile mnayonisubiri mie niko Hispania, nakula wali uliotoka kwenye sufuria yenye picha ya nguruwe juu ya kifuniko. Tangu nirudi, kila nikiinamia abaya kutia shanga kuna mmoja wenu ananiuliza kulikuwaje, na kila nikianza kuhadithia anaingia mteja. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, msitie mafuta ya sambusa.

Habari za viza yangu, picha na alama za vidole siziandiki, zitakulazeni usingizi. Nakupeni lile moja ambalo bila ya hilo hamtafahamu kitu.

Shangazi yangu Zuwena, dada yake marehemu baba, kazaliwa Unguja, akaolewa kigori na kuchukuliwa Uingereza, akawa Muingereza kwa paspoti. Uzeeni yeye na mumewe, Bwana Haji, wakahamia kijiji kimoja cha milimani huko Hispania, kwa ajili ya kifua cha Bwana Haji kisichotaka baridi. Wakati ule Uingereza ilikuwa bado haijajitoa kwenye Umoja wa Ulaya, na Muingereza kuhamia Hispania ni kama mimi kuhama Ansab kwenda Khuwair, humu humu Muscat: unapakia magodoro kwenye pikapu, yamekwisha. Kisha Uingereza ikajitoa. Waliowahi kuhamia kabla wakaachiwa haki yao na kupewa kadi ya ukaazi, ila ambaye hajatimiza miaka mitano asikae nje zaidi ya miezi sita katika mwaka. Akizidisha, kadi imekufa. Anakuwa mgeni kama wageni wengine: siku tisini, halafu toka.

Shangazi hajatimiza mitano. Alikuja Muscat kwa harusi ya kaka yangu, akae mwezi mmoja. Akateleza bafuni kwetu, akavunjika mguu, na huo mguu ukachukua wakati wake kuunga. Bwana Haji keshafariki, kazikwa kule, na mchungwa alioupanda uko kule uani. "Nkiikosa kadi ile," aliniambia, "ntakuwa nabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Siku ya mwisho ya miezi sita ilikuwa Ijumaa. Tiketi zetu, yake na yangu mie wa kumsindikiza, zilikuwa za Jumatano. Na dunia nzima iliambiwa Jumamosi.

Kutoka Ansab, mablanketi juu ya masanduku

Nyinyi wenyewe ni watu wa makwetu, hamna haja ya kuelezwa. Siku ya safari haisemwi. Ukiisema kuna jicho, na ukipatwa na jicho tairi inapasuka, ndege inaharibika, mtoto anashikwa na homa mlangoni. Lakini Shangazi kapindukia. Yeye haridhiki kunyamaza, anatoa siku ya uongo, tena kwa kila mtu, tena kwa kuapa.

Jumatano asubuhi tulitoka kama wezi. Mama ndiye dereva. Masanduku mawili tuliyafunika mablanketi, kwa sababu jirani wa mbele alikuwa anamwagia maji maua yake, maua ambayo sijapata kumwona akiyamwagia maji.

"Mnakwenda wapi asubuhi yote hii?" aliuliza.

"Tunapeleka mablanketi dobi," Mama akajibu.

"Na mgonjwa pia?"

"Mgonjwa anataka upepo."

Shangazi kakaa mbele na fimbo yake mapajani, anaangalia mbele kama hakusikia. Tulipofika barabara kubwa akanigeukia. "Umemwambia mtu?"

"Sikumwambia, Shangazi."

"Hata wenzio wa dukani?"

"Hata wao." Nikakumbuka keki, moyo ukaniuma.

Kiwanja cha ndege, saa tatu ambazo hazikuwamo katika hesabu

Msichana wa kaunta alikuwa mzuri, na shela yake imekaa kama imepigwa pasi kichwani. Akaichukua paspoti ya Shangazi, akaangalia tiketi, akaangalia tena.

"Bibi, hii ni ya kwenda tu. Kwa paspoti ya Uingereza sasa unaingia kule kama mgeni. Nipe tiketi ya kurudi, au kadi ya ukaazi."

"Kadi ninayo," Shangazi akasema kwa fahari, akafungua mkoba.

Ilitoka miwani. Ikatoka misuwaki miwili, leso, dawa ya presha, kipande cha tiketi aliyojia Muscat, kichupa cha udi, picha ya Bwana Haji amevaa kofia ya sufi. Kadi haikutoka. Nikamwona Shangazi anasimama kidogo, halafu anafumba macho.

"Iko kwa Nassor," akasema.

Ammi Nassor ni mdogo wake Shangazi, anakaa Al Amerat, ng'ambo ya milima. Ana kasha la chuma ambalo ukoo mzima unaweka humo vyeti, hati na dhahabu, kwa sababu yeye ni mtu asiyepoteza hata kifungo. Shangazi anayepoteza mpaka meno alimkabidhi kadi wiki ya kwanza ya kuvunjika mguu. Na Ammi aliahidi kuileta mwenyewe, mkono kwa mkono, Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Kwa sababu safari ni Jumamosi.

Kwa hiyo aliyemdanganya mtunza kadi ni mwenye kadi.

Ilinibidi nipige simu mie. Nikaweka sauti ya nje.

"Ammi, shikamoo. Uko wapi?"

"Ofisini, Khuwair. Kuna nini?"

"Tuko kiwanjani."

"Kiwanja gani?"

"Cha ndege, Ammi. Tunasafiri. Tunataka kadi."

Nyuma yake nikasikia mtu anacheka na kikombe kinawekwa kwenye kisahani.

"Leo Jumatano," akasema pole pole.

"Ndiyo."

"Mpe simu dadangu." Shangazi akasogeza sikio kama anasogelea moto. "Zuwena. Hata mimi? Tumbo moja, ziwa moja, na kadi nimekuwekea mie?"

"Nilikuwa n'kwambie, Nassor."

"Lini? Jumamosi?"

Akakata. Shangazi akabaki kuitazama simu. Sijawahi kumwona mtu mzima amekuwa mdogo vile. Ndege yetu ilikuwa inafungwa baada ya saa moja, na kutoka Khuwair kupanda mlima hadi Al Amerat, kufungua kasha, kurudi mpaka kiwanjani, hata uendeshe kama kichaa haifiki saa moja. Yule msichana wa kaunta, Mungu ampe mume mwema, alituhamishia ndege ya mchana. Akaongeza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili safi cha Unguja, kumbe ni wetu: "Bibi yangu pia husema siku ya uongo. Mwaka jana alikosa Umra."

Baada ya saa tatu milango ikafunguka, akaingia Ammi Nassor na kanzu imekunjamana na kadi iko ndani ya bahasha, ndani ya bahasha nyengine, ndani ya mfuko wa plastiki. Nyuma yake mkewe. Nyuma ya mkewe wanawe, na shangazi wa mkewe, na majirani wawili wa Al Amerat ambao mpaka leo sijui walikuja kwa nini. Siri ikishamwagika haizoleki, basi kila mtu alikuja na kitu: visheti kopo zima, halwa bakuli mbili, pilipili ya kusaga, mkate wa mofa bado wa moto. Mama akawa anafungua masanduku sakafuni katikati ya watu, anatoa nguo zangu anatia vileja.

Ammi hakumtazama dada yake. Akanipa mie ile bahasha. Shangazi akamshika mkono, akaubusu, jambo ambalo mkubwa hamfanyii mdogo.

"Nassor, niangalie."

"Safari njema," akasema Ammi, anaangalia ubao wa ndege. "Ya Jumamosi."

Nilicheka, ikanitoka tu. Shangazi hakucheka. Ndani ya ndege alikaa na bahasha kifuani mpaka chakula kikaja, na alipokula alikula kwa mkono mmoja.

Istanbul: theluji, na visheti kumi na nane

Tulilala Istanbul kwa sababu ndege ya mchana haikukutana na yoyote ya Malaga, mji wa Hispania tunakoshukia. Alhamisi asubuhi nikafungua pazia nikadhani pamba imeanguka kutoka kwenye lori. Rafiki zangu, ilikuwa theluji. Nilishuka nje na kandambili. Niliichukua mkononi, nikailamba (haina ladha), nikaitia kwenye chupa nikuleteeni. Najua. Msinicheke, nilijua itayeyuka, lakini nilitaka niwe nimejaribu.

Shangazi hakuiona kuwa nzuri hata kidogo. Kiwanjani kila ndege kwenye ubao ilikuwa nyekundu. Yetu ya Malaga ikasogezwa mchana, halafu alasiri, halafu ikaandikwa kesho. Kesho ndiyo Ijumaa. Yeye anahesabu kwa vidole, mimi nakwenda kuuliza, narudi na jibu lile lile, nakwenda tena kwa mtu mwengine nikidhani labda huyu ana moyo.

Karibu yetu walikaa mtu na mkewe, Waingereza, tuliopanda nao Muscat. Bwana Colin alikuwa mhandisi kwetu miaka mingi, kazi imemalizika, ukaazi wake wa Oman umemalizika na kazi, na sasa anahamia Hispania kustaafu. Mkewe, Bi Jean, alikuwa na kofia ya kufuma na uso wa mtu anayekuuliza umekula. Walijua "shukran" na "yalla" na bei ya samaki. Shangazi akafungua kopo la visheti, akawakaribisha.

Bwana Colin akaeleza kwa furaha: wamenunua fleti, mizigo imekwenda kwa meli, wao wanaingia kesho na ndio maisha. Kiingereza changu ni cha kuhesabia vifungo, lakini hayo niliyafahamu. Shangazi akaacha kutafuna.

"Mna viza?" akamuuliza.

"Viza ya nini? Sisi Waingereza."

"Na mie Muingereza mwenzio, baba," Shangazi akamwambia, na hiyo "baba" akaisema kwa Kiswahili hivyo hivyo. "Sogea hapa."

Akafuta meza kwa leso. Akapanga visheti kumi na nane katika mstari. "Kila kisheti siku kumi. Katika hivi kumi na nane, wewe una ruhusa ya kukaa tisa. Tisa vikisha, unatoka, unakaa nje mpaka mstari uishe."

"Lakini nina nyumba kule."

"Nyumba inakaa. Wewe ndiye unayetoka."

"Mwaka ule nilipotaka kuhamia..."

"Mwaka ule ungehama kwanza, karatasi baadae. Siku hizi karatasi kwanza, tena uziombe ukiwa bado nje, kuhama baadae. Wanayo viza ya wastaafu. Ungeiomba Muscat, ulipokuwa na ukaazi."

Bwana Colin alitazama ule mstari muda mrefu. Halafu, kwa kutojua, mkono ukaenda, akala cha kumi. Bi Jean akampiga kibao cha mkono. "Umeshavunja sheria, na hata hatujafika."

Akaanza kucheka yeye, tukacheka sote, lakini macho ya Bi Jean yalikuwa mekundu, na mie nilijisikia ajabu. Miaka yote nilidhani habari ya kukaa na bahasha kifuani ni yetu sisi na akina dada wa Tanga na Moshi wanaofanya kazi majumbani kwa watu, wanaohesabu siku za ukaazi mpaka usingizini. Sikuwahi kufikiri kuna Muingereza anahesabu. Nikamkatia Bi Jean mkate wa mofa. Akauliza umetengenezwaje, Shangazi akaanza na unga wa mtama, na walipofika kwenye joto la tanuri mimi nilikuwa nimelala nimeegemea sanduku.

Malaga, dirishani

Ijumaa adhuhuri tukatua. Jua, rafiki zangu, na mitende yao mifupi mifupi. Foleni ndefu. Mie nilipita haraka, viza yangu ikagongwa muhuri, nikaambiwa nisimame pembeni nimngojee Shangazi.

Shangazi akatoa paspoti ya Uingereza. Askari, kijana mwenye ndevu za kuchongwa, akaifungua ukurasa mweupe, akanyoosha mkono kuchukua muhuri. Ni mazoea tu, Waingereza wote wa foleni ile alikuwa anawagonga. Na muhuri ule ukishakaa, unahesabiwa mgeni, na kuung'oa ni kazi ya wanasheria.

Shangazi akaweka kiganja chake chote juu ya paspoti.

"Hapana, mwanangu," akasema kwa Kispanyola. Akatoa mfuko wa plastiki, akatoa bahasha, akatoa bahasha, akatoa kadi. Askari akaisoma. Akauliza jambo. Yote haya Shangazi alinitafsiria baadae, wakati ule niliona midomo tu.

Alimuuliza: "Ulitoka Hispania siku gani?"

Hapo ndipo pa kuogopa kweli. Mnamjua mtu ambaye hajapata kusema siku ya safari yake tangu azaliwe. Shangazi akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akageuka nyuma, akamwona Bwana Colin na mkewe. Akasogea mpaka paji la uso likagusa kioo, akaziba mdomo kwa pembe ya mtandio, akanong'ona.

"Bibi, sisikii."

Akanong'ona tena.

"Kwa nini unanong'ona?"

"Kuna watu."

Askari akamwambia asante, lakini anataka kuthibitisha. Shangazi akachokora mkoba, akampa kile kipande cha tiketi aliyojia Muscat, ambacho mie miezi sita namwambia akitupe. Yule kijana akahesabu kwa vidole, mwezi baada ya mwezi, akafika cha sita, akakishika kile kidole.

"Leo ndiyo ya mwisho."

"Najua," akasema Shangazi. "Nilikuwa nije mapema. Nilimdanganya ndugu yangu."

Sijui alifahamu nini. Aliangalia picha kwenye kadi, akamwangalia Shangazi na fimbo yake, akaurudisha muhuri mahali pake. Akampa paspoti kwa mikono miwili. Ukurasa ulikuwa mweupe vile vile, Shangazi alinionyesha, akanipitishia kidole changu juu yake kama vile unavyomwonyesha mtu kitambaa kisicho na doa.

Nyuma yetu tukasikia muhuri: ta, ta. Bwana Colin akatoka amefungua paspoti yake kama kitabu.

"Tisa," akatwambia, na akainua vidole tisa.

Shangazi akampa lile kopo na visheti vilivyobaki. Bi Jean akamkumbatia, wakaandikiana simu. Watatumia visheti vyao tisa kutandika fleti, kisha watakwenda kwao Uingereza waombe ile viza kama inavyotakiwa. Bi Jean alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha panga atapika nini siku ya kurudi.

Sufuria ya Pilar

Kijijini tulipelekwa na teksi. Barabara inazunguka milima kama ile ya kwenda kwa Ammi, ila hii ina mizeituni. Mlangoni kasimama Pilar, jirani, ambaye Shangazi alimpigia simu tulipotua, mama mnene wa miaka sabini, aproni na viatu vya manyoya. Hakusema salamu. Alimkamata Shangazi mabega akamtikisa, akaufokea mguu, akalia, akanibusu mie mashavu mawili bila ya kujua ni nani.

Kisha akaleta sufuria. Akaona naichungulia kwa wasiwasi, akageuza kifuniko. Alikuwa kachora nguruwe kwa kalamu ya wino, masikio, mkia na kila kitu, na juu yake msalaba mkubwa wa kumkata. Wali wa samaki na zafarani. Nilikula sahani tatu.

Shangazi hakula kwanza. Alikwenda uani na fimbo yake, nikamfuata. Mchungwa wa Bwana Haji ulikuwa umeinama kwa uzito. Machungwa yameiva yote, na hakuna hata moja lililochumwa, wala lililoachwa chini likaoza. Pilar alikuwa anaokota yanayoanguka na kuyapanga kwenye ukuta. Akasema, na hili Shangazi alinitafsiria palepale: "Nilisema mwenye mti anakuja. Sikujua siku."

Tukakaa ukutani tukala machungwa mpaka vidole vikanata. Jioni Shangazi akapigilia kalenda jikoni. Akatia duara siku ile, kisha akahesabu mbele, akaandika siku anazotaka kuja Muscat na siku za kurudi, kwa kalamu nyekundu, waziwazi, mahali ambapo Pilar, mtu wa gesi na Mungu wote wanaweza kusoma. Halafu akaomba simu yangu, akafunga mlango. Nilisikia tu akisema, "Nassor, usikate."

Kurudi

Nilikaa majuma matatu. Yale machungwa mliyokula dukani siku niliyorudi, mkasema matamu mkatupa maganda bila kuuliza, ndiyo hayo.

Juzi Ammi Nassor alipita dukani kumchukulia mkewe abaya. Mlimwona, yule aliyekaa kwenye kiti cha wateja akanywa kahawa vikombe vitano na kutabasamu peke yake. Nilipomfungia mfuko akaniinamia.

"Dadangu anakuja baada ya Idi. Kaniambia siku."

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Kaiapia. Kaniambia mie wa kwanza, tena mie peke yangu."

"Lini, Ammi?"

Akachukua mfuko wake, akatengeneza kofia mbele ya kioo chetu.

"Jumamosi," akasema, akatoka.